Nilivyochagua pa kuzamia Mafia na Pemba kwa kalenda ya dagaa

Nilipomwambia mama naenda kuzamia, alikaa kimya kidogo kisha akauliza, "Meli ya wapi, mwanangu?" Alidhani natorokea Afrika Kusini kwenye shehena. Nikamweleza ni kuzamia kwa mtungi, tena kwa kulipa, kwenye mashua inayotembeza watu wiki nzima kutoka Mafia hadi Pemba. Akasema basi afadhali ningezamia meli, huko hulipi.

Tulikuwa sita kutoka Kigoma, kama milioni mbili na nusu kila mtu, ukiacha treni na soda. Kazi ya kuchagua vituo nilipewa mimi, na sikukataa. Kabla sijapata hisa kwenye mtumbwi wa dagaa hapa Katonga, nilikamata samaki wa mapambo miaka mitatu, wale wa rangi wanaosafirishwa ng'ambo wakiwa hai. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, lakini karibu wote niliowakamata walikuwa kwenye mawe, mita tatu hadi kumi na tano. Sasa kuna jamaa aliyewahi kukaa Dar akawa ananisumbua kila jioni, "Chagueni penye kina, ndiko kuna mambo." Mambo gani? Matumbawe yanataka jua. Ukishuka sana rangi zinakufa na mtungi unaisha haraka.

Hapo nilikuwa sawa. Nilikokosea ni tarehe.

Nilipanga Februari, kaskazi ikivuma na papa potwe, wale wakubwa wapole, bado wapo Mafia. Halafu ndani ya Februari nikachagua mbalamwezi. Mvuvi wa dagaa hahitaji kuelezwa kwa nini: mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inalala, hakuna atakayekuuliza uko wapi. Siku ya kwanza nikaiandikia Kinasi, mlango wa ghuba ya Chole, kwa sababu ya picha ya chewa mkubwa kama ndama niliyoiona kwenye simu. Saa mbili asubuhi, tukiwa bado na nguvu.

Mkufunzi akanipa mkanda wenye vipande vya risasi kilo nane, uzito wa kukuzamisha. Nikachomoa mbili. "Mimi mtoto wa ziwa," nikamwambia, "sita zinanitosha." Akaniangalia, akatabasamu, akaziweka pembeni ya mguu wake. Nikaruka.

Sikuzama. Wenzangu walishuka mmoja mmoja, nikaona mapovu yao chini yangu, mimi niko juu naelea kama kibuyu cha nyavu. Nikatoa hewa yote kwenye fulana ya kuzamia, ile inayojazwa hewa. Nikatoa ya mapafuni. Nikageuka kichwa chini, nikapiga mapezi, miguu ikawa inachapa hewani kama bata anayetafuta konokono. Kwa mazoea nikatoa kidude cha kupumulia nisukutue mdomo na kunywa funda moja, kama tufanyavyo huku. Chumvi! Nilipomaliza kukohoa nikatafuta mashua, nikaiona imekuwa ndogo. Mkondo ulikuwa unanitoa mlangoni kwenda bahari kuu, na mimi nikidhani niko palepale.

Walinifuata. Mkufunzi hakusema neno, alinipa tu zile kilo mbili mkononi. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya ziwani, yanakubeba. Nilikuwa nimelisikia hilo zamani, nikalisahau siku ya kujionyesha.

Jioni nikamwendea nahodha, mzee wa Mafia. "Shikamoo mzee." Akaitikia, akaniuliza, "Kwenu maji hayapwi?" Nikasema hayapwi. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Huku huenda na kurudi, mwanangu. Na leo bamvua, umechagua siku yanapokimbia kuliko zote." Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji huvuta sana, ukiwa nusu ndiyo maji mafu, yanatulia. Asubuhi ile yalikuwa yanakupwa, yakitoka ghubani na tope la mikoko, ndiyo maana hata walioshuka hawakuona chewa wala ndama.

Akaanza kunihesabia saa za maji, nikamkatiza. Kumbe yanachelewa kila siku karibu saa nzima, sawasawa na mwezi unavyochelewa kuchomoza. Hesabu hiyo naijua tangu mtoto, ndiyo inayotuambia lini giza linarudi tuwashe taa! Nikachukua kalamu, nikapanga wiki yote upya palepale kwenye boksi la biskuti.

Siku ya pili tukabaki ndani ya ghuba, kwenye matumbawe ya mita nane, kisha Kilindoni kuogelea na papa potwe, ambao kuwaona hakuhitaji mtungi hata kidogo. Siku ya tatu tukarudi Kinasi saa kumi jioni, maji yakijaa, yakiingiza bahari safi. Chewa alikuwepo. Si kama ndama, labda kama mbuzi, amekaa chini ya jiwe akifungua na kufunga mdomo kama mzee anayesinzia kanisani. Misali, upande wa magharibi wa Pemba, niliiweka mwisho, mwezi umekaribia nusu, kwa sababu mikondo ya kule nilishaambiwa haina utani. Tulielea kando ya ukuta wa matumbawe taratibu, kasa akatupita bila hata kugeuka.

Wanataka twende tena. Safari hii lazima tuondoke mwezi ukiwa nusu, usiku ambao dagaa bado wanavutika na taa, na wenzangu wa mtumbwi hawajakubali.