Kituoni kwenu wako wangapi?

Mwaka 2018 nilikuwa natafuta mahali pa kujifunza kuwasemea watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwanangu alikuwa na miaka 8. Miaka yake mitano ya mwanzo nilivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga, kutoka upande wa Sengerema hadi Mwanza, kufuata penisilini ya kumeza. Ni ile ya asubuhi na jioni, inayowakinga watoto hawa na maambukizi yanayowaua mapema, maana bandama zao huharibika wangali wadogo. Dawa ya kawaida kabisa, lakini kituo chetu cha afya hakikuwa nayo. Yeye alishavuka umri wa kuihitaji, ila kila nikipanda kivuko kumpeleka kliniki nilikuta mama mwingine, mtoto mgongoni, anaifuata. Jambo hilo lilinikaa rohoni.

Kozi ya kwanza niliyoipata ilitaka shahada, na ada yake ilikuwa ya dola. Nikaachana nayo.

Ya pili ilikuwa ya shirika moja pale mjini. Walinipokea vizuri, wakanipa fulana na nauli, wakanifundisha kwa siku mbili namna ya kusimulia maisha yangu mbele za watu. Tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, nikasimama mbele ya wageni, mwanangu pembeni yangu. Nikasema Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Kisha nikaeleza alivyovimba vidole vya mikono na miguu akiwa na miezi tisa, ndugu wakasema karogwa. Nikaeleza usiku wa maumivu, mimi nikimkanda kwa maji ya uvuguvugu hadi alfajiri. Nikaeleza kwamba bado anakojoa kitandani, kwa kuwa ugonjwa umezidhoofisha figo zake. Watu walilia, nami nililia. Wakatupiga picha.

Tukirudi kwa kivuko, mwanangu alikaa kimya hadi katikati ya ziwa. Ndipo akaniuliza, "Mama, kwa nini umewaambia nakojoa?"

Sikuwa na jibu. Nilimfunika kanga, maana baridi humwamshia maumivu, nikaanza kuzikumbuka sura za wote waliokuwa ukumbini, mmoja mmoja. Sikumwona hata mmoja mwenye uwezo wa kukifikisha kidonge kituoni kwetu. Nilikuwa nimemvua nguo mwanangu mbele za watu, na penisilini haikusogea hata hatua.

Mwezi Septemba, muuguzi wa kliniki akanidokeza kwamba kuna wazazi wanaokutana Jumamosi, wakifundishwa na mama mmoja mstaafu aliyekuwa katibu wa afya. Nilikwenda nimejiandaa kusimulia, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa. Nilipofika kwenye ile miezi tisa, akainua mkono taratibu.

"Pole sana, mwanangu. Hayo mwachie mtoto, atayasema mwenyewe akitaka. Kituoni kwenu wako wangapi?"

Nikamjibu 11,000.

"Hao ni wa nchi nzima. Nakuuliza kituoni kwenu."

Sikujua. Miaka minane ya kulea mtoto wa selimundu, na sikujua.

Akageukia ubaoni, akauchora mwaka akiuanzia Julai, mwezi bajeti ya serikali inapoanza. Mpango wa kituo, alisema, huandikwa mapema, ukapanda halmashauri. Anayekwenda kulia Juni anakuta fedha zimeshapangiwa kazi. Dawa, kituo huziagiza Bohari ya Dawa kwa makadirio yake chenyewe, na kama hakuna aliyeandika kwamba watoto wapo, nani ataagiza? Tena kila kituo kina kamati yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi. "Wa kwenu ni akina nani?" Hilo nalo sikulijua. Baadaye nikaja kugundua kwamba mmoja wao ndiye niliyekuwa nikinunua dagaa kwake kila wiki.

Kazi hiyo, ya kuwasemea wengine mbele ya wenye uamuzi, wenyewe wanaiita uchechemuzi. Mimi niliona tu kwamba kwa mara ya kwanza mtu amenionyesha mlango, akanitajia na mwezi unaofunguliwa. Tulifanya mazoezi ya kuzungumza kwa dakika tatu: idadi, dawa inayokosekana, ombi moja. Nilirudia mara nne hadi sauti ikaacha kutetemeka.

Jumatatu nilimwendea mganga mfawidhi wa kituo chetu, daftari mkononi. Ombi langu lilikuwa kwamba tuhesabu. Alinitazama kidogo, akanivutia kiti, akafungua rejista. Majina aliyafunika kwa rula, akawa ananisomea umri tu, nami nachora vijiti. Mwaka mmoja. Miezi minane. Miaka mitatu. Miezi minane tena, nikadhani karudia mstari, hakuwa amerudia.

Hadi saa sita mchana vijiti vilikuwa 31, na 14 kati yao ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Akaweka rula chini.

"Hawa wote penisilini wanaipata wapi?"

"Ng'ambo, daktari," nikamwambia. "Tunavuka."