Kituo cha 116 Kumbe Si Kimoja

Kosa lilikuwa langu, ingawa siku ile niliilaumu mvua, ramani, na jamaa aliyeniuzia mwavuli.

Jumatatu ya tarehe 16 Aprili 2018, saa tisa alasiri, washindi wa Tuzo za Pulitzer, zile tuzo kubwa za Marekani za uandishi wa habari, fasihi na muziki, walikuwa wanatangazwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mimi nilikuwa na siku moja ya kupumua baada ya semina. Hakuna aliyenialika. Ila mtu umekaa dawati la habari Dar miaka yote hiyo, ukilisikia jina la Pulitzer kila mafunzo ya uandishi, utakosaje kwenda walau kusimama mlangoni, urudi uwatambie wenzako?

Nikaambiwa nishuke mtaa wa 116. Pale Times Square ikaingia treni namba 2, ile ya haraka isiyosimama kila kituo, nikajitosa. Wenyeji wanajua kwamba ukipita mtaa wa 96, namba 2 na 3 zinaachana na namba 1, na kila njia ina kituo chake cha 116. Mimi nikashuka kwenye 116 yangu, nikapanda ngazi kifua mbele. Chuo hakuna. Niko Harlem, barabara ya Lenox, kwenye mtaa wa Wasenegali, na Columbia iko huko magharibi, juu ya kilima.

Mvua ilikuwa ya kumwagwa kwa ndoo. Mwavuli nimeununua dola 10. Jamaa wa mbele yangu, kabla haijakolea, aliuziwa 5. Kariakoo ina ndugu zake. Upepo wa kwanza ukaupindua, ukabaki umenyoosha vyuma kama kunguru aliyenaswa na umeme. Na nauli ya treni wakati ule ilikuwa dola 2.75, zaidi ya shilingi 6,000 zetu, upotee usipotee.

Nikajitupa kwenye mlango wa kwanza wenye harufu ya chakula.

"Asalaam aleikum," akasema mama mmoja wa makamo nyuma ya kaunta. Nikaitikia, na hapo ndipo lugha yetu ya pamoja ilipoishia. Yeye Kiingereza chake kimevaa Kifaransa, changu kimevaa Kiswahili. Tukaelewana kwa mikono na maneno ya kuokoteza. Akaniletea ceebu jën, wali wao wa samaki: wali wa chenga, mwekundu kwa nyanya, juu yake kipande kizima cha muhogo, karoti, kabichi, bilinganya, na samaki aliyetobolewa akasokomezwa majani ya kijani yaliyotwangwa na kitunguu saumu. Kisha akarudi jikoni, nikasikia kijiko kinakwangua sufuria. Ukoko! Ananikwangulia ukoko bila kuombwa. Bibi yangu Tanga alikuwa akiwafichia ukoko wajukuu aliowapenda, na mimi sikuwa miongoni mwao.

Dola 14, kodi juu yake, bakshishi juu ya kodi. Kwa hela hiyo Dar nalisha meza nzima. Lakini ukoko ule sitaudai.

Saa tisa ikanikuta hapo hapo, nimeegemeza simu kwenye chupa ya pilipili. Mwendesha tuzo, Dana Canedy, akaanza kusoma. Uandishi wa habari kwanza, vipengele 14. Medali ya dhahabu ya utumishi kwa umma ikaenda kwa gazeti la New York Times na jarida la New Yorker, kwa habari zilizomfichua Harvey Weinstein, mtayarishaji filamu aliyetuhumiwa kuwanyanyasa wanawake kingono. Wanaopata medali ile hawapewi fedha. Kwingine mshindi huchukua dola 15,000, kama milioni 34 za kwetu wakati ule. Kijana anayebeba sahani akawa anapita hata hageuki. Zikaja riwaya, tamthilia, ushairi. Mwisho kabisa, muziki: Kendrick Lamar, mwanarap, albamu ya DAMN. Kijana akatua sahani zote mezani kwangu, akaninyang'anya simu, akakimbia nayo jikoni. Tuzo ile haikuwahi kutoka nje ya muziki wa kiklasiki na jazi.

Mama akauliza kelele za nini. Nikamweleza. Akauliza, "Na nyie kwenu mmeshawahi kupata?"

Nikasema hapana. Halafu nikakumbuka. Mwaka 1999 wapiga picha wa shirika la Associated Press waliipata kwa picha za baada ya mabomu ya ubalozi wa Marekani, Nairobi na Dar es Salaam. Nikamwambia: sisi hatukupata, msiba wetu ndio uliopata.

Ijumaa ile ya Agosti 7, 1998, nilikuwa darasani, Kinondoni. Mwalimu ameinua chaki, kishindo kikapiga, vumbi la dari likashuka kwenye madaftari yetu. Tulidhani lori la gesi. Dar walikufa 11, Nairobi zaidi ya 200. Baadaye mauaji ya kimbari ya Rwanda nimeyakuta kwenye orodha ya 1995, shambulio la Westgate, Nairobi, kwenye ya 2014. Ukitafuta kwetu kwenye tuzo zile, anza na makaburi.

Mama alinyamaza, akaniongezea chai.

Kilima nilikipanda saa kumi, kwa ngazi za mawe za bustani ya Morningside, viatu vinalia kwachu kwachu. Ukumbi wa kutangazia tuzo ulikuwa mtupu. Fundi mmoja anakunja nyaya, akaniashiria nichungulie. Ndani kuna dirisha la vioo vya rangi lenye Sanamu ya Uhuru, lililookolewa kutoka jengo la gazeti la Joseph Pulitzer, World, kabla halijavunjwa. Mwaka 1885 Pulitzer, mhamiaji kutoka Hungaria, aliwachangisha wasomaji fedha za kujengea kitako cha sanamu hiyo, akachapa gazetini jina la kila aliyetoa, hata wa senti chache. Zaidi ya watu 120,000 walichanga. Kamati zetu za harusi zingemwelewa.

"Wameondoka wote," akasema fundi.

Nikarudi kwa namba 1, inayosimama kila kituo.