Siku moja maishani mwangu: steshenari Tabora, ripoti za Mastodon, na mtani aliyezuia mazishi

Saa 11 na nusu alfajiri

Julai Tabora baridi haina huruma. Nikiwa bado ndani ya blanketi nafungua simu kuona usiku umeleta nini. Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye seva ndogo ya Mastodon ya watu wa Kiswahili. Ukiniuliza mtaani nafanya kazi gani nitakwambia nina steshenari Kanyenye, na ni kweli, ninayo. Hiyo kazi nyingine nikiieleza huwa naambiwa, "Kumbe unachezea simu." Mama mkwe wangu ndiye kinara wa kauli hiyo, basi namwacha.

Kwa asiyejua: Mastodon ni mtandao wa kijamii usio na makao makuu ya kupeleka malalamiko. Ni programu aliyoitoa Eugen Rochko akiwa Ujerumani mwaka 2016, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kukodi anaweza kufungua seva yake, akaweka sheria zake, akakubali na kukataa watu. Seva hizo zinaongea zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mtu wa kwetu anamfuata na kumjibu mtu wa seva nyingine bila shida. Kompyuta yetu iko Ujerumani, fundi wake yuko Dodoma, msimamizi mwenzangu yuko Mombasa, na mimi niko hapa kwa Mirambo. Wanachama walikuja kwa mafungu: fungu moja mwishoni mwa 2022, Elon Musk aliponunua Twitter, na jingine Mei 2025, X ilipozuiwa hapa nchini. Posho yetu inatoka kwenye michango yao. Inatosha bando, na mwezi ukiwa mzuri inagusa unga.

Ripoti za usiku ni zile zile. Matangazo ya sarafu za mtandaoni, nimefuta. Picha ya ajali iliyowekwa wazi, nimeificha nyuma ya onyo. Yanga kamripoti Simba, Simba kamripoti Yanga. Hao nimewafungia ripoti zote mbili, wakapige kelele zao.

Saa 2 asubuhi

Nafungua duka. Mwangaluka kwa muuza kahawa, mwangaluka kwa mzee wa viatu, nafagia vumbi, nawasha mashine. Msimu huu ni wa maombi ya mkopo wa chuo, kwa hiyo benchi limejaa vijana wenye bahasha za kaki, vyeti vya kuzaliwa, na wadhamini ambao hawajui wamedhamini nini. Napiga kopi, naskani, najaza fomu.

Saa 4 kasoro

Hapa ndipo siku ilipoharibika.

Ujumbe umeingia kutoka kwa msimamizi wa seva kubwa moja ya Ulaya, kwa Kiingereza cha adabu chenye baridi kuliko ya asubuhi. Anasema wanachama wake wamelalamika kuhusu posti mbili za kwetu. Moja inamdhihaki mtu aliyefiwa. Nyingine inatishia kuua watu kwa kabila lao. Tusipochukua hatua hadi jioni, watatukata.

Kukatwa si jambo dogo. Seva ikikukata, kila mwanachama wako aliyekuwa anafuatana na mtu wa kule anampoteza papo hapo, na hata wakibadili mawazo wiki ijayo, ufuasi haurudi wenyewe. Diaspora yetu nusu iko kwenye seva ile. Nikafungua ripoti zenyewe. Ripoti ikitumwa kutoka seva nyingine haiji na jina la aliyeripoti, ila maelezo yalikuwa ya Kiswahili safi cha mwambao, kwa hiyo mwandishi alielewa kila neno alilosoma.

Posti yenyewe: mwanachama wetu, Mnyamwezi wa Sikonge anayeishi Mwanza, ametangaza kwamba babu yake amefariki, mazishi kesho. Chini yake Mzaramo mmoja wa Kisarawe kaandika: "Mzee kafa makusudi. Alijua Agosti nakuja kudai kuku wangu. Nasema asizikwe mtu hapo mpaka nilipwe, nakuja kulala kaburini mwenyewe." Na mfiwa akamjibu: "Njoo ulale. Tutakufukia humo humo, tupunguze Wazaramo."

Nilicheka mpaka kijana wa fomu akaniangalia vibaya.

Hao ni watani. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana tangu enzi za misafara, wapagazi wa Unyanyembe walipokuwa wakikatiza Uzaramo kwenda Bagamoyo na kurudi. Msibani ndiko mtani anakopewa nafasi yake yote. Atavaa kofia ya marehemu na kutembea alivyokuwa anatembea, ataingia kaburini agome kutoka mpaka apewe hela, na wafiwa watacheka huku machozi yanawatoka. Lakini huyo huyo ndiye utamkuta kashika jembe, kakoka moto wa sufuria kubwa, kaleta mchango. Anayecheka msibani na hajashika chochote, tunamwita majina mengine.

Sasa yaandike hayo kwa Kiingereza, kwa mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye turubai la msiba wa kwetu, huku mteja anataka picha za pasipoti zenye bluu nyuma na mwingine anauliza kama kopi za rangi zinapungua bei. Naandika sentensi, napiga kopi. Naandika sentensi, karatasi inakwama. Nikiwa nimefika kwenye misafara, umeme ukakatika na nusu ya barua ikaenda nao. Nikaanza upya kwenye simu.

Mzee mmoja mkulima wa tumbaku kaja na kitambulisho chake kwenye kifuko cha nailoni. "Binti, unaandika kwa hasira, nani kakuudhi?" Nikamwambia, "Shikamoo babu. Kuna Mzungu haelewi utani wa msibani." Akafikiri kidogo, akasema, "Mwambie aje, tutamfundisha." Hiyo sikuitafsiri.

Kabla ya kutuma nikaona nisome mjadala wote, maana ripoti inakuonyesha posti iliyoripotiwa tu na si kila kilichoning'inia chini yake. Nikateremka. Pole nyingi, utani zaidi wa kuku, mtu anauliza nauli ya Mwanza hadi Tabora. Halafu nikakuta hii, ya jamaa mmoja ambaye picha yake ya wasifu ni gari lisilo lake: "Poleni. Ila wazee wa huko huwa hawaendi hivi hivi. Bibi aliyebaki macho mekundu yale, ukoo uangalie vizuri."

Hakuna aliyeiripoti. Watu kadhaa walikuwa wameigongea nyota.

Ukiisoma kwa haraka ni ya upole kuliko zote. Ina pole, haina tusi, haimtaji Mzaramo wala Mnyamwezi. Na ndiyo iliyonifanya mimi nikae chini. Huku kwetu, bibi mwenye macho mekundu akisemwa hivyo, yaani kwamba ni mchawi, mume wake akiwa hata hajazikwa, kuna wanaume wanaweza kwenda mlango wa bibi huyo usiku na mapanga. Wekundu ule ni moshi wa kuni wa miaka yote ya kupika, basi. Wazee wameuawa Usukuma na Unyamwezi kwa maneno mepesi hivi. Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamhesabu mwenye kumtaja mtu kuwa mchawi kuwa mkosaji, na iko tangu enzi za mkoloni. Bibi mwenyewe Mastodon haijui.

Sikutoa onyo kwanza. Nikafuta posti, nikamfungia akaunti, nikaandika sababu.

Mchana, sijui saa ngapi

Jamaa akaanza.

Kwenye Mastodon aliyefungiwa bado anaweza kuingia na kukata rufaa ndani ya siku 20, na akaunti haifutwi moja kwa moja mpaka zipite siku 30. Naipenda hiyo, ni haki yake. Rufaa yake: "Dada, ule ulikuwa utani." Kwetu aliyetoa adhabu hasikilizi rufaa, kwa hiyo ikaenda kwa mwenzangu wa Mombasa, na kabla hajaisoma vizuri jamaa akahamia barua pepe. Ya kwanza: bibi yake mzaa baba ni Mzaramo, kwa hiyo naye ni mtani. Ya pili: mbona yule wa kuku mmemwacha, mnabagua. Ya tatu: sisi tumewekwa na serikali kuwaziba watu midomo. Ya nne: sisi tumenunuliwa na Wazungu. Kati ya ya tatu na ya nne nilikuwa nimelaminisha cheti kimoja tu.

Kisha akafungua akaunti kwenye seva nyingine isiyochuja wageni, akanitumia ujumbe kutokea huko, ana picha ile ile ya gari. Hii ndiyo sehemu watu hawaielewi kuhusu mitandao hii. Siwezi kumfukuza duniani. Naweza kumtoa nyumbani kwetu na kumfungia dirisha la kule alikohamia, yaani akaunti yake ile mpya haitasikika kwetu. Posti yake nikiifuta, seva yetu inazitumia nyingine taarifa kwamba imefutwa. Zikitii, vizuri. Zisipotii sina kiboko.

Mwenzangu wa Mombasa akanipigia. "Dada, nisaidie. Huyu naye asema ni utani. Tofauti yao ni nini, nami nimuandikie?" Swali la haki. Nikamwambia mtani anamchokoza mtani wake, na mwenye kujua kama ni mtani ni yule anayetaniwa. Tumuulize mfiwa.

Nilikuwa nimeshamwandikia. Alikuwa kwenye basi, mtandao unakuja na kupotea. Nikala michembe iliyobaki jana na chai ya rangi, nimesimama, huku nachapa barua ya mdhamini ambaye jina lake kwenye kitambulisho na jina lake kwenye cheti ni watu wawili tofauti. Huyo mdhamini naye alitaka tumalizane leo leo. Nikamwelekeza aende kwanza mahakamani kuapa kiapo cha majina, akasema mimi ndiye ninayemchelewesha. Benchi halipungui. Mgongo unauma pale pale unapouma siku zote. Kijana akanirudishia kopi zake kwa sababu zina mstari. Zina mstari kwa sababu kioo cha mashine kimechoka, na mimi pia.

Jibu la mfiwa likaingia jua limeanza kuegemea: "Mzaramo wangu ashatuma mchango tangu asubuhi, na kaandika kwenye muamala kwamba ni mkopo. Mwacheni mtani wangu. Huyo mwingine simjui kabisa." Halafu ujumbe wa pili: "Dada, ile posti ya bibi ishapigwa picha. Iko grupu la ukoo."

Hapo ndipo mikono iliponiishia nguvu. Nimefuta kwetu, nimefunga akaunti, na picha iko WhatsApp Sikonge, mahali ambapo mimi si msimamizi wa chochote. Nikamuuliza kama kuna mtu mzima wa kumweleza. Akasema baba yake mdogo ni mjumbe wa kijiji, ameshamwambia, na matanga yakiisha bibi anakuja kukaa mjini Tabora kwa shangazi. Nikamwambia akifika wanijulishe, duka langu liko njiani, nitaenda kumsalimu.

Jioni

Barua ya Ulaya niliimalizia gizani, duka limefungwa nusu mlango. Nikaweka maneno ya mfiwa mwenyewe, kwa ruhusa yake. Nikaeleza posti waliyoiruka na kwa nini hiyo ndiyo iliyofungiwa. Sikuomba radhi kwa ajili ya kuku. Fundi wa Dodoma aliisoma akasema ni ndefu sana. Nikamwambia aandike yeye fupi, akanyamaza.

Rufaa ilikataliwa. Mwenzangu aliandika sababu kwa Kiswahili kizuri mpaka nikaona wivu.

Nyumbani nikakuta ugali na nsansa, mama mkwe anaangalia taarifa ya habari. "Umeshinda kwenye simu leo tena?" Ndiyo mama, nimeshinda.

Jibu la yule msimamizi likaja saa 4 usiku. Hawatukati. Ameshukuru, ameuliza maswali mawili ya maana kuhusu ile posti ya bibi, maana na wao wana wanachama wa Afrika Mashariki na wangependa kujua waangalie nini. Nimempa orodha ya maneno ya kuangalia. Ombi lake moja: utani wa namna ile tuufunike na onyo juu, mtu abonyeze kwanza ndipo asome, ili wageni wasishtuke. Mombasa akakubali. Dodoma akasema tunawadekeza. Mimi nilikuwa na usingizi, nikapiga kura ya ndiyo.

Nikamwandikia Mzaramo kumweleza utaratibu mpya. Akajibu "sawa dada, sheria ni sheria," na dakika ile ile akaposti. Juu kaweka onyo kwa herufi kubwa: TAHADHARI, UTANI WA MSIBANI, WENYE MOYO MWEPESI WASIFUNGUE. Nikabonyeza.

"Kuku wangu wako wapi?"