Nyumba inajitegemea kila kitu

Mkataba wa ninapokaa unaisha na mwenye nyumba kashanipa taarifa kwamba anamuweka mwanae, kwahiyo wiki hizi mbili nimekuwa mtu wa kushinda kwenye magrupu ya wasap ya madalali, upande wa Kimara mpaka Mbezi huko. Kama ushawahi kuingia humo unaijua lugha yao. "Nyumba kali inajitegemea, vyumba vitatu kimoja masta, luku yako, maji yako, ndani ya fensi, paking ipo, kodi miezi sita, kuonyeshwa elfu ishirini." Hiyo ya kuonyeshwa tuiache leo, nitapandisha presha.

Sasa Jumamosi mzee wangu alikuwa mjini, kaja kliniki ya macho, akasema twende wote kuliko kukaa ndani anaangalia taarifa ya habari ambayo haioni vizuri. Mzee ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kafundisha vijijini maisha yake yote. Tukafika, dalali kijana mdogo kabisa, mstaarabu, kamwamkia mzee shikamoo kwa heshima zote, akaanza kutuzungusha: taili hizi hapa, madirisha ya aluminiamu, na kila akifika kona anarudia, "mzee wangu hii inajitegemea kila kitu". Mzee akamuuliza, inajitegemea vipi kijana? Jamaa akaeleza kwa moyo mmoja, "yaani hushei na mtu mzee, umeme wako, maji yako, choo chako, geti lako, jirani unaweza ukakaa miaka miwili humjui hata jina".

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Dalali akaniangalia mimi, nikabaki sina la kumwambia. Mzee akasema, "Hilo neno kijana, sisi tulilitembelea kwa miguu."

Na kweli walitembea. 1967 yeye alikuwa mwanafunzi, miaka kumi na tano hivi, Azimio la Arusha, lile tamko la chama cha TANU la Ujamaa na Kujitegemea, lilipotangazwa Februari 5 nchi nzima watu wakaanza matembezi ya kuliunga mkono, shule zikatoka, vijana wakatembea wilaya hadi wilaya na wengine mpaka Dar, na Mwalimu Nyerere mwenyewe baadae mwaka huohuo akatembea kutoka Butiama mpaka Mwanza. Mzee anasema hawakuwa wameelewa yote, ila kitu kimoja walikielewa: hakuna mgeni atakayekuja kutujengea. Kama hujui ya nyuma utaona ni maneno ya majukwaani tu, lakini hapo nchi ilikuwa imetoka kuumia. 1965 Ujerumani Magharibi walitaka kutupangia kuhusu ubalozi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar, wakakata baadhi ya misaada yao, Nyerere akawaambia basi chukueni na iliyobaki. Desemba mwaka huohuo tukavunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mkopo wa pauni milioni saba na nusu ukayeyuka hivihivi. Yaani kujitegemea lilikuwa neno la mtu aliyeonyeshwa mlango akasema sawa, nitalala njaa lakini nalala kwangu.

Na ukilisoma Azimio lenyewe halisemi kila mtu ajitegemee. Linasema sisi, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, vitu vinne, kila aliyesoma shule ya msingi enzi zile anavitaja kama sala. Linasema hela za mikopo zinatumika mjini wakati anayezilipa ni mkulima kwa jasho la pamba na kahawa yake. Mwenye kitenzi ni tu-. Tujitegemee. Halafu mbele yake kuna neno lingine limeshikana nalo kama pacha, Ujamaa NA Kujitegemea, haikutakiwa uchukue moja uache lingine.

Nadhani hapo ndipo lilipoharibikia. Kitenzi ni kilekile ila kiambishi kimehama. Tulianza na tujitegemee, sa hivi tuna ajitegemee na inajitegemea. Hebu angalia tu lilivyosambaa: wakili ambaye hajaajiriwa na serikali anaitwa wakili wa kujitegemea. Mtoto anayefanya mtihani wa Taifa bila shule ni mtahiniwa wa kujitegemea. Mwandishi asiye na ofisi ni mwandishi wa kujitegemea (tafsiri yake halisi ni hana mshahara, nawajua). Kijana akihama kwao akapanga chumba Tandale, mama yake anawatangazia majirani "ameanza kujitegemea". Na nyumba isiyo na mpangaji mwenza inajitegemea. Hakuna hata sehemu moja hapo ambapo kuna watu wawili. Neno lililokuwa na maana ya wote kwa pamoja limekuja kumaanisha peke yako, na hakuna kamati iliyokaa ikapitisha, limeenda lenyewe polepole.

Mimi binafsi nilikutana nalo kama jembe. Nilisoma msingi mwishoni mwa miaka ya themanini mwanzoni mwa tisini, na kwenye ratiba kulikuwa na kitu kinaitwa EK, Elimu ya Kujitegemea. Kumbe lilitoka kwenye andiko la Mwalimu la Machi 1967, andiko zuri tu, nimekuja kulisoma ukubwani, linasema shule iwe sehemu ya jamii, mtoto asije akasoma halafu akawadharau wazazi wake wanaolima, shule izalishe chakula chake na wanafunzi washiriki kupanga. Kupanga! Sisi tulichopanga ni mstari wa kuchapwa. EK ilikuwa ni Ijumaa unakuja na jembe, usipokuja nalo viboko, ukija na kidumu cha maji kimevuja viboko, mnalima shamba la shule, mnapalilia, mnavuna, mahindi yanaingia stoo na safari ya mahindi inaishia hapo, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuyaona tena. Na siku zingine shamba lenyewe lilikuwa la mwalimu fulani, mnajua kabisa ni lake, mbuzi wake wamefungwa palepale, lakini jina la kazi ni EK. Kwa hiyo kwa watoto wa rika langu kujitegemea maana yake ilikuwa kumtumikia mtu bure. Nilimwambia mzee hii, akanyamaza kidogo akasema, "walikuwepo wa namna hiyo". Sikumuuliza zaidi, na yeye ni baba yangu.

Yeye ana kidonda chake cha neno pia. Kaanza kufundisha wakati wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, Azimio la Musoma la 1974, kwamba ifike 1977 kila mtoto awe shuleni. Wanavijiji wakafyatua tofali, wakapandisha madarasa kwa mikono yao, watoto wakafurika, walimu hawatoshi, wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa harakaharaka na kupelekwa darasani. Mtaani wakaibatiza UPE kuwa Ualimu Pasipo Elimu. Mzee hakuwa wa kundi hilo, alipita chuo, lakini utani ule ulimchafua na yeye, mpaka leo mtu akiutaja kwenye kikao cha ukoo anasimama kwenda kuangalia kuku.

Halafu sasa tuongee ukweli ambao wazee hawapendi. Wakati tunaimba kujitegemea tulikuwa moja ya nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi kwelikweli, Wasweden na ndugu zao wa Nordiki ndo walikuwa kila kona, Kibaha pale walijenga wao, reli ya TAZARA mkopo wa Wachina usio na riba. Sisemi ilikuwa vibaya. Ila mtoto aliyekuwa anachapwa kwa kukosa jembe la kujitegemea, wizara yake ilikuwa inategemea. Baadae vita ya Kagera, tukaambiwa tufunge mikanda miezi kumi na nane, hiyo miezi haikuisha, maduka matupu, sabuni kwa foleni, na 1986 tukasaini na IMF.

Na hapo kuna geuko ambalo sijaona watu wakilizungumza sana. Mwanzoni neno lilikuwa linaangalia nje. Lilikuwa linawaambia wafadhili: tutajitegemea, msitupangie. Miaka ya tisini ilipoingia likageuka likaanza kumuangalia mwananchi. Hospitali 1993 wagonjwa wakaanza kuchangia gharama. Shule michango. Mwenye njaa akienda kwa mkubwa kulalamika anaambiwa jitegemee, acha kutegemea serikali. Na sa hivi lina mdogo wake anaitwa kujiajiri, kijana kamaliza chuo na mkopo wa bodi mgongoni, anaambiwa na mtu mwenye gari la serikali, dereva wa serikali na mafuta ya serikali kwamba vijana mjiajiri. Neno lilelile ambalo Nyerere aliwarushia wakubwa wa dunia, tumelishusha mpaka anarushiwa muuza mitumba. Kuna siku linakumbuka nyumbani, kama mwanzoni mwa 2025 Marekani waliposimamisha misaada na watu wakaanza kuulizana dawa za ARV itakuwaje, ghafla tu- ikarudi, tujitegemee, bajeti yetu wenyewe. Halafu likapoa.

Wakenya wana la kwao, harambee, Kenyatta kalichukua kwa watu wa kusukuma na kubeba mizigo, wakajenga nalo shule kibao, likaja kuwa uwanja wa wanasiasa kushindana nani katoa noti nyingi mbele ya kamera, mpaka 2003 ikabidi sheria iwawekee maafisa wa umma mipaka. Ila angalau harambee bado inahitaji watu zaidi ya mmoja. Huwezi kupiga harambee peke yako chumbani.

Turudi kwenye nyumba, maana kuna kituko. Tukiwa tunapima kama kitanda kitaingia, mzee akauliza mwenye nyumba ni nani. Dalali kwa fahari kabisa: ni mstaafu serikalini, alikuwa mkubwa mkubwa, ana nyumba nne mtaa huuhuu na zingine Goba. Mzee akaniangalia. Najua alichokuwa anawaza maana alishanihubiria zamani: Azimio la Arusha lilikataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Moja. Hata moja. Lilikataza na mishahara miwili, na hisa kwenye kampuni. 1971 serikali ikaenda mbali zaidi ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja, ndo yakaja yale ya Msajili wa Majumba, chombo cha serikali kilichoyasimamia. Kupangisha kulikuwa ni unyonyaji, mwenye nyumba alikuwa kupe, neno zito la wakati ule. Mpaka Februari 1991 chama, CCM, kilipokaa Zanzibar kikalegeza yote: hisa ruksa, nyumba ruksa, mshahara wa pili ruksa. Azimio la Arusha lilipigiwa matembezi nchi nzima, la Zanzibar wengi walilisikia likiwa limeshapita. Na Nyerere kila mtu anajua alivyolipokea, alisema anabeba vitabu viwili, Biblia na Azimio la Arusha.

Cha kuchekesha hakuna aliyelifuta neno. Fungua Katiba, Ibara ya 3, nchi yetu ni "ya kijamaa" mpaka leo. Ibara ya 9 inasema taifa linajengwa chini ya siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Ukienda huko mwisho, Ibara ya 151 penye tafsiri ya maneno, utakuta Ujamaa na Kujitegemea umeelezwa kwa demokrasia, uhuru, usawa, udugu na umoja, maneno matamu yote, lakini nani anamiliki nini hakuna. Kisheria kabisa yule mzee mwenye nyumba nne anaishi kwenye nchi ya kijamaa na anapangisha kijamaa. Sijui nani anaweza kulipinga hilo mahakamani, labda wakili wa kujitegemea.

Na mimi siko msafi hapa. Niliitaka ile nyumba. Nimekaa miaka sita kwenye nyumba ya wapangaji wengi, luku moja kaya nne, kila mwisho wa mwezi kikao cha nani ana friji na nani anapiga pasi usiku, choo cha zamu, mtoto wa jirani analia utadhani yuko kwenye mto wako. Kama ule ndo ujamaa nimeshatimiza wajibu wangu. Nikimwambia mzee hivyo anasema ule sio ujamaa ule ni umaskini, msichanganye, na hapo sina jibu.

Tulipotoka mzee akasimama getini akaangalia ukuta wa jirani, mrefu, vioo vya chupa juu. Akamuuliza dalali, "Hapa mtu akifiwa mnajuaje?" Kijana akafikiria kweli, akasema, "Turubai mzee. Ukiona turubai."

Nyumba tuliikosa, kuna mtu kalipa mwaka mzima jioni ileile. Jana usiku dalali kanitumia meseji, ina picha tano za nyumba iko mwisho wa barabara ya vumbi na hamna nyumba nyingine pembeni: "Bosi hii ingine iko Goba ndani ndani, inajitegemea zaidi ya ile."