Kitabu cha RHCSA Hukaguliwa Kuanzia Kwenye Mazoezi

Vijana wanaoanza kazi ya usimamizi wa mifumo ya kompyuta huniuliza mara kwa mara wanunue kitabu gani kwa ajili ya EX200, mtihani ambao kampuni ya Red Hat huutoa kwa wanaotafuta cheti cha RHCSA, yaani cha msimamizi wa mfumo wake wa Linux. Huwa sitaji jina la kitabu. Vitabu vya fani hii huzeeka haraka, na kile nilichomsifia mtu miaka michache iliyopita huenda kisimfae kabisa anayefanya mtihani mwaka huu. Ninachoweza kumpa ni namna ya kukikagua kitabu kabla hajatoa fedha yake, na ukaguzi wangu huanzia mwisho wa sura, kwenye mazoezi.

Sababu ni mtihani wenyewe. EX200 hauna maswali ya kuchagua jibu. Mtahiniwa huketi mbele ya mashine kwa saa 3, akapewa orodha ya kazi za kutekeleza: kutengeneza watumiaji na vikundi, kupanga mtandao, kugawa diski, kufungua huduma fulani na kufunga nyingine, kurudisha udhibiti wa mashine ambayo nenosiri lake la root, mtumiaji mkuu, halijulikani. Alama zote ni 300, na anayefikisha 210 amefaulu. Intaneti hakuna, kitabu hakiingii, na msaada pekee ni nyaraka zinazokuja na mfumo wenyewe. Juu ya hayo kuna sharti moja ambalo huwaangusha wengi: kila kilichopangwa lazima kiendelee kufanya kazi baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya, bila mtu kukigusa.

Linganisha na LPIC-1, cheti cha Linux cha taasisi ya LPI, ambacho kina karatasi mbili, kila moja ikiwa na maswali 60 ya kujibiwa kwa dakika 90, mengi yakiwa ya kuchagua na machache ya kujaza. Kitabu kilichosheheni maswali mafupi na majibu yake ukurasa wa nyuma kitamsaidia sana mtahiniwa wa LPIC-1. Mtu yuleyule akikipeleka kitabu hicho kwenye EX200 atajikuta anazifahamu amri kwa majina bila kuwahi kuzitumia mfululizo hadi kazi ikakamilika.

Basi fungua sura ya hifadhi ya data na utazame mwandishi anakuagiza nini. Akisema tu, «Andika amri ya kuongeza ukubwa wa voliumu ya LVM,» yaani kipande cha hifadhi kinachoweza kukuzwa baadaye, hapo hakuna zoezi. Zoezi linalokaribia mtihani husema kwamba kuna voliumu yenye faili ndani yake, kwamba inatakiwa ifike MiB 800 bila faili hizo kupotea, na kwamba ipachikwe yenyewe kila mashine inapowaka. Ili ulimalize utahitaji kujua kuwa `lvextend` ikipewa `-r` hukuza na mfumo wa faili ulio juu ya voliumu, kuwa mstari wa `/etc/fstab`, faili inayoorodhesha vya kupachikwa mashine inapowaka, ni salama zaidi ukitumia UUID, utambulisho wa kipekee wa mfumo wa faili, na kuwa mstari huo hujaribiwa kwa `findmnt --verify` na `mount -a` kabla ya kuthubutu kuwasha upya. Kosa la herufi moja katika faili hiyo linaweza kuiacha mashine ikisubiri katika hali ya dharura, na mashine isiyowaka haina kazi inayoweza kusahihishwa, hata zile ulizozifanya vizuri. Kitabu kisichomwambia msomaji azime na kuwasha upya mwishoni mwa kila zoezi kimeliacha sharti kuu la mtihani nje ya mlango.

Sura ya pili ninayoifungua ni ya SELinux, ulinzi wa ndani ya Linux unaoamua programu ipi iguse nini, na hapa huwa sina subira. Wapo waandishi ambao kila huduma inapokataa kuwaka hukushauri uandike `setenforce 0`, SELinux iache kuzuia chochote, uendelee na safari. Kitabu cha namna hiyo kirudishe rafuni. Amri hiyo hudumu hadi mashine itakapowashwa upya tu, na hata ingedumu, mtihani unapima kama unaweza kufanya kazi SELinux ikiwa imewashwa. Mfano mzuri wa kumpimia mwandishi ni seva ya wavuti ya Apache iliyoagizwa kusikiliza kwenye poti 82. Utaibadilisha faili ya mipangilio, utafungua poti kwenye fayawoli, na bado huduma itakataa kuwaka, kwa kuwa SELinux haiitambui poti 82 kuwa poti ya wavuti. Mwandishi anayejua kufundisha atakuachia mkwamo huo kwa makusudi, akuonyeshe kuusoma kwa `ausearch -m AVC`, inayoonyesha kile SELinux ilichokataa, ndipo akufikishe kwenye `semanage port -a -t http_port_t -p tcp 82`. Tazama pia kama anatenganisha `chcon` na `semanage fcontext`. Ya kwanza hubadilisha lebo ambayo SELinux huisoma kwenye faili papo hapo, lakini mfumo ukipangiwa lebo zake upya badiliko hilo hufutika; ya pili huandika kanuni ya kudumu, kisha `restorecon` huitekeleza. Kitabu kinachozitaja zote mbili kana kwamba ni njia mbili za kufika mahali pamoja hakijaandikwa kwa makini.

Toleo ni jambo la kuhakikisha mapema, na haichukui muda. RHEL ni Red Hat Enterprise Linux, mfumo unaotahiniwa. RHEL 8 ilitoka Mei 2019, RHEL 9 Mei 2022, na RHEL 10 Mei 2025, na kila mara orodha ya mada za mtihani hubadilika kidogo. VDO na Stratis, zana mbili za hifadhi ya data, zilikuwemo kwenye orodha ya RHEL 8, zikaondolewa katika ile ya RHEL 9. Red Hat huichapisha orodha hiyo kwenye tovuti yake bila malipo, hivyo iweke kando ya yaliyomo ya kitabu na uisome mstari kwa mstari. Dalili nyingine ya uzee imo kwenye sura ya mtandao: kitabu kinachokufundisha kuhariri faili za `ifcfg` ndani ya `/etc/sysconfig/network-scripts` kama njia ya kawaida kimepitwa, kwa kuwa tangu RHEL 9 NetworkManager, huduma inayosimamia mtandao, huhifadhi miunganisho mipya katika `/etc/NetworkManager/system-connections`, na kazi yenyewe hufanywa kwa amri yake ya `nmcli`. Lakini kabla ya yote, hakikisha mtihani utakaoulipia ni wa toleo gani.

Jambo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu ni kutafuta majibu ndani ya mfumo. Kwa kuwa kurasa za man, miongozo ya amri iliyomo ndani ya mfumo, zipo wakati wa mtihani, mwandishi anayezitumia anakupunguzia mzigo wa kukariri. Ukurasa wa `nmcli-examples` una mifano kamili ya kupanga mtandao, na ule wa `semanage-fcontext` una mfano unaoweza kuunakili na kubadilisha njia ya folda tu. Ninapokuta kitabu kinachomzoesha msomaji kutumia `man -k`, inayotafuta kurasa hizo kwa neno, tangu sura za mwanzo, hukipa nafasi hata kama lugha yake ni kavu.

Kuhusu mafaili ya «maswali halisi» yanayouzwa kwenye magrupu, mtahiniwa huwa amekubali masharti ya kutotoa siri za mtihani, na cheti kilichopatikana kwa njia hiyo kinaweza kufutwa. Sina zaidi la kusema juu yake.

Kwa sisi tunaonunua bando, kuna kigezo kimoja zaidi: kitabu kinadhani utafanyia mazoezi wapi? Vile vya zamani vinaelekeza kwenye CentOS Linux 8, nakala ya bure ya RHEL, ambayo iliishia tarehe 31 Desemba 2021. Leo unaweza kutumia Rocky Linux au AlmaLinux, zinazofanana na RHEL, au RHEL yenyewe kwa usajili wa bure wa wasanidi programu, unaoruhusu mashine hadi 16 kwa mtu mmoja. Mimi hupendelea kitabu kinachoanza na faili la ISO la DVD nzima, nakala ya diski ya kusakinishia mfumo. Ni zito, gigabaiti kadhaa, lakini hupakuliwa mara moja tu, nalo lina hifadhi zote mbili za vifurushi, BaseOS na AppStream. Ukilipachika ndani ya mashine pepe na kuandika faili mbili fupi chini ya `/etc/yum.repos.d`, `dnf`, amri ya kusakinisha vifurushi, itasakinisha karibu kila unachohitaji bila intaneti, na kuielekeza mashine kwenye hifadhi ya vifurushi ni mojawapo ya mada za mtihani. Kitabu kinachoweka maabara yake yote kwenye seva za kukodi kinaweza kuwa kizuri, ila piga hesabu ya kodi hiyo pamoja na bei ya kitabu, maana mtihani wenyewe tayari ni mamia ya dola.