Joto la Dodoma, jagi la kuchotea na watoto wangu wawili

Mbukwenyi wapendwa. Naandika hii nikiwa barazani maana ndani hakukaliki, bati limeshapata moto toka saa nne asubuhi na mvua bado, mawingu yanakuja yanatuchungulia yanaenda zake. Kuna wageni waliohamia huku na serikali wakafika mwezi wa saba wakakuta watu na makoti, wakasema kumbe Dodoma baridi. Sasa ngojeni hii Oktoba mpaka mvua za Desemba zishike, mtatafutana. Na wenye watoto wadogo ndo kabisa, maana miezi hii foleni ya zahanati huku Nkuhungu ni watoto watupu, huyu anaharisha, huyu macho hayafunguki, huyu mwili mzima vipele.

Mwaka jana msimu kama huu nilikuwa kwenye hiyo foleni na mimi.

Kadogo wangu alikuwa na miezi minne. Siku 84 za likizo ya uzazi zimeisha, nimerudi kazini, mama mkwe kaja kutoka Mvumi kunishikia mtoto. Yule mama nampenda na haya siyaandiki kwa ubaya. Ila kila akimwona mtoto anavyotiririka jasho ananiambia, "Mama Ima, huyu ana kiu. Wewe unakunywa maji, yeye unamnyima?" Kliniki niliambiwa mpaka miezi sita ni titi tu, hata maji hapana, na nilimwambia, lakini nyie mnajua kumbishia mama mkwe ilivyo kazi, unasema mara moja ukirudia unaonekana una mdomo. Basi nikiondoka nyuma huku anampa vijiko viwili vitatu, tena kwa nia njema kabisa, maji ya kuchemsha na glukosi kidogo. Siku ya nne mtoto akaanza kuharisha maji matupu, mpaka jioni mara sita.

Zahanati nesi akamvuta ngozi ya tumbo akaiachia aone inarudi haraka au pole pole, akapapasa utosi, akatazama macho. Akaniuliza anakula nini. Nikasema ananyonya tu. Mama mkwe pembeni yangu akakohoa.

Nesi akamgeukia. "Shikamoo mama. Ni titi tu kweli?"

"Marahaba mwanangu. Na vijiko vya maji. Kwa sababu ya hili joto."

Hakumfokea, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Akamwambia maziwa ya mama ni maji karibu asilimia 88, kwa hiyo mtoto akisikia kiu anyonyeshwe mara nyingi zaidi, hata akinyonya dakika mbili akaacha kiu imeshakatwa, na mama mtu ndo anywe maji ya kutosha. Kama mama yuko kazini akamue aache. Mama mkwe akasema, lakini mimi niliyachemsha. Nesi akauliza swali moja ambalo ndo limenifanya niandike haya yote: "Ulipoyachemsha, uliyaweka wapi?"

Kwenye ndoo. Na ndoo ina jagi lake juu.

Tulirudi na ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na zinki. ORS ni pakiti moja lita moja ya maji safi, unampa kidogo kidogo kwa kijiko kila akiharisha, huku ananyonya kama kawaida, akitapika unasubiri dakika kumi unaendelea taratibu, na mchanganyiko ukimaliza siku moja unamwaga unatengeneza mwingine. Zinki kwa wa chini ya miezi sita ni nusu kidonge cha miligramu 20, mimi nilikuwa nakiyeyusha na maziwa yangu kwenye kijiko, na tuliambiwa tumalize siku zote hata kama kuhara kumekata siku ya tatu, maana wengi tunaacha hapo. Nesi alicheki pia kadi akaona chanjo ya rota, ile ya virusi vya kuhara, amepata zote mbili, ya wiki ya 6 na ya wiki ya 10, akasema hiyo nayo imetusaidia. Kama kadi ya mwanao ina pengo hapo kaulize mapema, usikae nalo, ile chanjo ina umri wake.

Jirani yangu mmoja yeye mwanae akiharisha anakimbilia duka la dawa kuchukua antibayotiki, kopo lilelile alilotumia mwaka juzi kwa mtoto mwingine. Jamani. Kuhara kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, antibayotiki haivigusi, na kinachomuua mtoto ni maji kuisha mwilini. Ukiona macho yameingia ndani, analegea, hawezi kunywa, kila kitu anatapika, au choo kina damu, hapo usianze kutafuta ushauri kwenye magrupu ya WhatsApp, panda bajaji.

Haya turudi kwenye jagi. Jumamosi iliyofuata nilichukua kigoda nikakaa jikoni kama nachambua mchele, kumbe naangalia ndoo ya maji ya kunywa. Toka saa nne mpaka saa nane. Ima wangu wa miaka mitano kaja mara tano, mara mbili katokea kucheza na mbuzi wa jirani, anazamisha jagi mpaka kiwiko kinagusa maji, anakunywa na jagi lenyewe, kilichobaki anarudisha ndani ya ndoo. Dada kachota na vidole vina unga. Fundi aliyekuwa anaziba bati kaomba maji kajichotea. Na mimi mwenyewe, msomi wa kliniki, nimetoka kumbadilisha mtoto nepi nikakuta nimeshika jagi, sabuni sijaiona. Maji yalikuwa yamechemshwa dakika zote unazotaka. Hayakufika hata saa sita yakiwa safi.

Na huku kwetu ndo tatizo linapokolea, maji ya mgao, yakitoka siku mbili unajaza simtanki, mapipa, madumu, kila chombo mpaka beseni, halafu unayatumia wiki nzima kwenye joto. Usipokuwa na simtanki unanunua dumu kwa mtu wa baiskeli na hujui alipoyatoa. Watu tunasema joto linaleta kuhara ila kwa nilivyoona mimi pale kigodani, joto linafanya tunywe zaidi, tushike jagi zaidi na vijidudu vizaliane haraka, basi.

Nikachukua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko nikampa fundi bomba akaitoboa chini akaweka koki. Ndo hiyo tu. Jagi limehamia bafuni. Maji tunachemsha, na siku gesi ikiwa inapumulia mashine naweka kidonge cha kutibu maji, kimoja kwa ndoo, nasubiri nusu saa (soma pakiti maana vidonge vinatofautiana ukubwa). Nje karibu na choo nimetundika kibuyu chirizi, dumu la lita tano limetobolewa, kamba, kijiti cha kukanyagia, na sabuni imening'inia kwenye soksi kuukuu ili kunguru wasiibebe. Ima anakanyaga kile kijiti hata asipokuwa na shida ya kunawa, wiki ya kwanza kamaliza madumu yote, nikavumilia.

Macho sasa. Hapa mtu wa mkoa huu anatakiwa ajue kitu kimoja, Kongwa hapo jirani watafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukizana, wamekuwa wakifanya kazi toka miaka ya 1980, kwa sababu ukame, vumbi na inzi vikikutana na nyuso za watoto zenye tongotongo ule ugonjwa unazunguka nyumba nzima, na mtu akiambukizwa tena na tena utotoni ukubwani kope zinageukia ndani zinakwaruza jicho mpaka anapofuka. Bibi zetu wengi wanatembea na kibano cha kung'olea kope, mlidhani urembo? Dawa yake kubwa nyumbani ni kumnawisha mtoto uso na kutumia choo, maana yule inzi wa machoni anataga kwenye kinyesi kilichoachwa chini wazi. Watu wanasema maji hakuna ya kuoshana nyuso. Nilijaribu, uso wa kadogo unatakata kwa nusu kikombe cha chai, ukimimina kwenye kiganja badala ya kujaza beseni. Taulo kila mtu lake, hilo sitaki mjadala.

Yale macho mekundu ya virusi ni mengine, kama yaliyotuvamia nchi nzima Januari 2024. Mtaani kwetu watu waliweka maji ya chumvi, majani ya chai, wengine maziwa ya mama. Usimwekee mtoto kitu jichoni. Safisha na maji safi na kitambaa chake, nawa mikono, mbakize nyumbani asipeleke zawadi shuleni, na kama haoni vizuri, anaumwa sana au ni kichanga, kituo cha afya.

Ngozi nisiimalizie muda. Vipele vya joto vyenyewe havina neno, shida kucha. Mtoto anajikuna, kucha zina vumbi la Dodoma, kesho kuna usaha, keshokutwa jipu. Mama mkwe anasema majipu ni ya maembe kwa vile yote yanakuja Novemba na Desemba pamoja, na kila nikimweleza ni bakteria wa kwenye ngozi wamepata mlango anasema sawa, halafu anamnyang'anya Ima embe. Mimi nakata kucha kila Jumapili, naogesha jioni hata kwa maji ya kopo mbili, navalisha pamba nyepesi, na ile poda ya kupaka shingoni kama unga wa chapati nimeacha, ikichanganyika na jasho inakuwa udongo. Tetekuwanga ikiingia chekechea ni kucha hizohizo, fupi, na aspirini usimpe kabisa.

Maembe yenyewe yasingiziwe kwa kitu kingine, inzi. Osha embe kabla ya kumenya, osha zabibu hata kama umenunua shambani na zinang'aa, vumbi na dawa za kupulizia havionekani. Barafu za ukwaju na ubuyu za kwenye vifuko mimi nagandisha mwenyewe kwa maji ya koki yangu, Ima anauziwa shuleni najua, siwezi kumfunga mdomo, ila akiwa na za nyumbani hamu inapungua. Na uji. Uji wa lishe unapikwa asubuhi, mtoto anakunywa nusu, kikombe kinafunikwa na sahani "atamalizia baadae", baadae inafika saa tisa mchana. Chakula kilichopoa kisikae zaidi ya masaa mawili, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu, na jikoni kwangu chini ya bati hizo 32 zinapitwa mapema sana. Nikapunguza kipimo, napika kidogo mara mbili, au ukitoka jikoni ukiwa wa moto sana naingiza kwenye chupa ya chai safi ukae motomoto, wala hauchovywi kijiko kilichotoka mdomoni. Mabaki ya kikombe yanaenda kwa kuku wa jirani, kuku wale sasa wamenona kuliko kadogo.

Mama mkwe alirudi Mvumi. Kule maji wanafukua kwenye mchanga wa korongo na kuni za kuchemshia kila siku ni mzigo, nikamwambia jua hili linalotutesa lina kazi, chupa ya plastiki safi isiyo na rangi, isizidi lita mbili, maji yawe maangavu ukiweka karatasi nyuma unasoma maandishi, unaiweka juani masaa 6, kukiwa na mawingu siku mbili. Mionzi na joto vinaua vijidudu. Alinitazama tu. Hakusema ndiyo wala hapana, nikajua limepita.

Jana jioni kanipigia. Tumesalimiana, kaulizia wajukuu, kaulizia mvua, halafu kanyamaza kidogo.

"Mama Ima, zile chupa juu ya bati. Zinasimama au zinalala?"

"Zinalala mama."

"Haya. Maana hapa mjukuu wa jirani anazisimamisha."