Kiapo alichokikataa Ralph, gharama aliyoilipa Mary

Wiki hii nzima nimekuwa nikilala na kuamka na watu waliokufa zaidi ya miaka 300 iliyopita: akina Verney wa Claydon, kaunti ya Buckinghamshire, Uingereza. Walikuwa watu wa ardhi na heshima, na walikuwa na tabia moja ninayowashukuru kwayo: hawakutupa barua. Maelfu ya karatasi zao yalibaki nyumbani kwao hadi karne ya 19, alipoanza kuzipanga Parthenope, dada yake muuguzi mashuhuri Florence Nightingale; Parthenope alikuwa ameolewa katika ukoo huo. Ndiyo maana leo naweza kujua mama mmoja alimwambia nini mumewe kuhusu jina la mtoto aliyekuwa bado tumboni.

Mama huyo ni Mary, mke wa Ralph Verney. Kwanza nimtaje baba mkwe wake, Sir Edmund, maana wengi wakisikia jina Verney humkumbuka yeye. Alikuwa mbunge, na pia mtu wa nyumbani kwa Mfalme Charles wa Kwanza. Ugomvi wa mfalme na Bunge ulipofikia silaha mwaka 1642, alimwambia rafiki yake Edward Hyde kwamba haupendi ugomvi ule, na anatamani mfalme akubali yale anayoombwa. Lakini amekula mkate wa mfalme na kumtumikia karibu miaka 30, hawezi kumtupa. Akapewa kubeba bendera ya mfalme. Tarehe 23 Oktoba 1642, kwenye vita vya Edgehill, aliingia bila deraya, akauawa. Mwili wake haukupatikana kamwe, ingawa mwanawe alituma watu kuutafuta.

Mwana huyo ni Ralph, mzaliwa wa kwanza, mbunge wa Aylesbury, na yeye alikuwa upande wa Bunge. Bungeni alikuwa akiandika kwa penseli yanayosemwa, na karatasi zake zina habari za siku ile ya Januari 1642 mfalme alipoingia mwenyewe ukumbini kuwakamata wabunge watano. Mdogo wake aliyeitwa Edmund kama baba, nyumbani wakimwita Mun, alikuwa askari wa mfalme. Mun alimwandikia kaka yake kwamba moyo unamuuma kuona yeye na baba wanalazimika kuwa adui wa mtu wanayempenda hivyo. Ralph akanyamaza. Miezi ikapita, Mun akaandika tena: afadhali angepoteza mkono wake wa kulia kuliko kumwona Ralph upande ule, lakini hatakubali kamwe jambo hilo ligeuke ugomvi kati yao. Hiyo barua ya pili ndiyo iliyonikamata. Mun hakumwomba kaka yake abadili upande. Aliomba asinyimwe undugu.

Halafu ukaja mwaka 1643. Bunge lilihitaji jeshi la Waskoti, na Waskoti wakataka kiapo cha Agano, ambacho kingebadilisha kanisa la Uingereza lifanane zaidi na lao. Wabunge walitakiwa kuapa. Ralph alishindwa. Alikuwa ameshampoteza baba kwa upande wa pili, ameshatengana na nduguze, na sasa upande wake mwenyewe ukamdai kitu ambacho dhamiri yake haikuweza kukitoa. Akaondoka nchini na mkewe kwa jina la bandia, wakaishia Blois, Ufaransa. Mwaka 1645 Bunge likamfukuza uanachama, na mashamba yake ya Claydon yakazuiwa na kuwekwa chini ya kamati ya Bunge. Kodi zilizokuwa zikilisha nyumba nzima, pamoja na wadogo zake wengi, zikaacha kumfikia.

Namheshimu Ralph kwa hilo. Lakini kadiri ninavyosoma ndivyo jicho langu linavyohama kutoka kwake kwenda kwa Mary.

Mary Blacknall alikuwa yatima mwenye mali. Aliozwa mwaka 1629 akiwa na miaka 13, Ralph naye hajafika 16. Ndoa ilipangwa na wakubwa, kama ilivyokuwa kawaida ya watu wa tabaka lao, lakini barua zao ni za watu wanaopendana kwelikweli. Ralph asingeweza kurudi Uingereza bila hatari ya kukamatwa. Mjomba wake, Dakta William Denton, tabibu aliyeijua London vizuri, akamshauri amtume mke: amfundishe la kusema, kisha amwachie kamati, kwani wakati huu wanawake wanapata upendeleo ambao wanaume hawaupati. Ni ushauri wa busara, na uliwafaa. Ila mimi naona pia kilichomo ndani yake. Mwanamume alikataa kiapo kwa ajili ya nafsi yake, na mwanamke akabebeshwa safari.

Mwishoni mwa 1646 Mary akavuka bahari, mjamzito, akiwaacha Ufaransa mumewe na watoto wawili, Peg na mwana aliyeitwa pia Mun kama baba yake mdogo. London ilikuwa ghali, na aliugua mara kwa mara. Alikuwa akienda kwa huyu na yule, akisubiri kamati iliyoahirisha tena na tena, akiwabembeleza watu ambao zamani walikuwa wakila mezani kwao. Katikati ya yote hayo alikuwa anabishana na Ralph kwa barua kuhusu jina la mtoto. Ralph hakutaka apewe jina lake. Mary akajibu kwamba akiwa mvulana ataitwa Ralph, na akamwamuru asimpinge. Nilipofika hapo nilifurahi sana. Mwanamke anayehesabu kila senti ya pango bado ana nguvu za kusema: hili nitaamua mimi.

Mtoto alizaliwa Juni 1647, akaitwa Ralph. Mary akaenda naye Claydon kuona kilichobaki. Nyumba ilikuwa imechakaa, vitambaa vimeliwa na nondo. Alimkuta Jack, mwanawe waliyemwacha nyuma akiwa mdogo, miguu yake imepinda kwa matege. Kisha, katika majira ya vuli ya mwaka huo huo, mtoto mchanga akafa. Na kule Blois, Peg akafa kwa kuhara damu. Dakta Denton ndiye aliyebeba jukumu la kumwambia mama aliyetoka tu kuzika kwamba hata yule mwingine hayupo. Huzuni ilimpeleka Mary hadi akawa anapayuka.

Na bado alirudi kwenye kamati! Januari 1648 zuio la mashamba likaondolewa. Yeye ndiye aliyeshinda kesi ile. Akamchukua Jack, akarudi Blois.

Walipata miaka miwili tu. Katika miaka hiyo Mun, yule mdogo wa Ralph, aliuawa Drogheda, Ireland, Septemba 1649, mji ukiwa umeshaangukia mikononi mwa Cromwell, jemadari wa upande wa Bunge. Mei 1650 Mary naye akafa, akiwa na miaka 34 hivi. Ralph aliusafirisha mwili wake hadi Claydon ukazikwe huko, yeye mwenyewe asiweze kufuata jeneza. Alirudi nyumbani mwaka 1653, akasimamisha kanisani mnara wenye sanamu za wazazi wake, ya Mary na yake mwenyewe. Mwaka 1655 serikali ya Cromwell ikamtia kizuizini kwa muda. Uzeeni alichaguliwa tena bungeni, safari hii kwa Buckingham, na alifariki mwaka 1696. Hakuoa tena.

Nimejaribu kumkasirikia, nikashindwa. Hakujua bei itakuwa kubwa kiasi hicho, na alipoijua aliiomboleza kwa miaka 46. Ninachokataa ni ile namna ya kusimulia habari hii kama ya mtu mmoja mwenye msimamo. Mashamba aliyoyarithi Jack baadaye yaliokolewa na miguu ya mama yake, kwenye ngazi za ofisi za London.

Sasa nimeanza barua za wadogo zake Ralph wa kike. Cary, aliyeolewa na askari wa mfalme, mumewe aliuawa mwaka 1645, akazaa mtoto wa kike badala ya mrithi waliyemsubiri wakweze, na wakweze wakambadilikia. Anamwandikia kaka yake aliye Ufaransa amsaidie.